Baba na Susu Kwenye Kibao Kimoja

Tableti haina harufu. Hilo ndilo lalamiko langu pekee juu yake. Binti yangu aliniletea nilipostaafu kufundisha, ikiwa ndani ya sanduku jeupe pamoja na kalamu yake isiyo na wino, akaniambia, "Mama, si ulikuwa ukichora ubaoni kila siku? Sasa chora bila kula chaki." Basi mimi huyo, mwanamke mzima na miwani yangu, naketi sebuleni asubuhi nachora kuku, nachora migomba, nachora majirani wanaopita, na nikikosea naigusa tu pembeni, kosa linapotea. Wajukuu hunicheka eti natoa ulimi nikichora. Nawaacha wacheke. Lakini kila nikiianza huiinamia kwanza na kuinusa, nikitegemea nta. Hainuki nta. Hainuki chochote.

Harufu ninayoitafuta ni ya kibao nilichokuwa nacho utotoni, huko kwetu Nunguni. Ninyi wa rika langu labda mliwahi kukiona: kadibodi iliyopakwa nta nyeusi, juu yake plastiki laini ya kijivu, na kijiti chekundu kilichofungwa kwa uzi kisipotee. Ukikandamiza kijiti juu ya plastiki, mstari mweusi unatokea. Ukiinua plastiki, krrr, kila kitu kimekwenda na kibao ni kipya tena. Kilinuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa tanboi, yaani utingo, wa lori la barabara ya Mombasa, na alininunulia kwa wachuuzi wa Kambu, wale waliokimbilia kila gari lililosimama. "Chora mpaka uchoke," aliniambia, "hiki hakiishi." Kitu kisichoisha! Kwetu mafuta ya taa yaliisha, chumvi iliisha, hata sabuni ilikatwa vipande ili ichelewe kuisha. Mpaka siku ile nilikuwa nikichora kwa kijiti cha mti kwenye vumbi nyuma ya jikoni, na kuku walikuwa wakipita juu ya kazi yangu. Kile kibao nililala nacho kifuani.

Wakati huo mama alikuwa na mimba na miguu yake ilikuwa imefura. Zahanatini walimwambia apumzike, asibebe maji wala asiteremke shambani kwenye kahawa. Nani sasa angetusaidia? Mama yake baba alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Mimi nina jina lake, ndiyo maana baba aliniita "mama" maisha yake yote, na mimi nilikuwa naitika bila kuona ajabu. Kwa hivyo ikabidi aje Susu, mama yake mama, kutoka Kalamba. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Alifika na kiondo mgongoni na kuku wawili mkononi, akaanza kufagia kabla hajaketi.

Siku hiyo hiyo baba alihama.

Hakwenda mbali. Baba alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa hapo hapo uani, kibanda cha mbao kilichojaa maranda. Alichukua blanketi na Biblia yake akahamia huko. Akawa hali nyumbani, na mimi ndiye niliyempelekea chakula. Akitaka kuikaribia nyumba alikuwa akikohoa kwanza huko mbali, na Susu akisikia kikohozi anaingia jikoni upesi na kugeukia ukuta. Siku moja nilikuwa naye baba tukitoka sokoni, tukamwona Susu kule mbele akija na mtungi. Baba, mwanamume mrefu, shemasi wa kanisa anayeheshimiwa na watu, aliruka tuta akajificha ndani ya kahawa mpaka Susu alipopita. Alitoka na majani kichwani. Nikamwuliza, "Baba, umeona nyoka?" Akasema, "Twende, mama, twende." Susu naye alikuwa amepita ameinamisha uso, leso imeshuka mpaka kwenye pua, kana kwamba hakuona mtu mzima akiruka.

Na walipotaka kuambiana jambo, simu ilikuwa mimi. Baba anasimama nyuma ya ukuta wa jikoni, Susu yuko ndani, na katikati ni ukuta wa udongo usiozidi upana wa kiganja. "Mwambie nyanya yako kuni ziko hapa nje." Nazunguka ukuta: "Susu, baba anasema kuni ziko nje." "Mwambie asante, na umwambie kwamba mama yako leo amekula vizuri." Narudi tena mbio. Mtoto wa miaka saba au minane hivi, haoni kitu kingine katika hayo isipokuwa kimoja: hawa watu wawili wamekosana vibaya, na hakuna anayetaka hata kusikia sauti ya mwenzake. Lakini sauti walikuwa wanaisikia! Hilo ndilo lililonichanganya.

Rafiki yangu Ndinda ndiye aliyenimaliza. Ndinda na mama yake waliishi kwa nyanya yake, boma la pili kutoka kwetu. Zamani walikuwa na kwao kwa baba yake, mpaka nyanya yake alipokwenda kuwachukua na kuwarudisha Nunguni pamoja na masufuria. Nilipomweleza mambo ya kwetu, alinitazama kwa huruma ya mtu aliyeyaona. "Hata kwetu ilianza hivyo," akasema. "Susu alikuja. Baba akawa halali nyumbani. Halafu tukafungasha." Nikamwuliza, "Mama yako alikuwa analia?" Akafikiri kidogo. "Hapana. Mwanzo alikuwa akicheka."

Nilirudi nyumbani mbio. Kumbe Susu amekuja kumchukua mama! Nikaanza kuvitazama vitu vyetu, hiki kitakwenda Kalamba, hiki kitabaki na baba, na mimi je? Mimi ni mama yake baba. Nani atampelekea chakula? Nilikuwa nikiamka asubuhi nakimbilia kwanza kiondo cha Susu kuona kama kimefungwa.

Mtoto hana uwezo wa kuitisha kikao cha wazee. Nilikuwa na kibao. Nikaketi nyuma ya jikoni, nikachora benchi moja refu, na juu yake nikamketisha baba na kofia yake, na Susu na leso yake, wamekaribiana mabega. Katikati yao nikaweka sahani moja, wote wawili wametia mkono ndani yake. Mikono sikujua kuichora, ilitoka kama reki, lakini ilishikana. Niliona hivi: wakiiona watakumbuka jinsi ya kupatana. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa anatuonyesha picha za watu wabaya wanaokuwa wazuri, nasi tulikuwa tunanyooka wiki nzima.

Nilianza na Susu. Alikuwa akitwanga muthokoi, yale mahindi yetu yanayotolewa maganda kwa kutwangwa. Akaweka mchi chini, akakishika kibao kwa mbali.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

Akatabasamu. "Nimekuwa msichana! Na huyu wa kofia?"

"Ni baba. Mnakula pamoja."

Woi! Alifunika macho kwa leso kama mtu aliyepulizwa moshi, na kwa mkono mwingine akapapasa mpaka akaipata ile plastiki. Krrr. "Mtoto, unataka kuniua? Usichore hivyo tena. Si vizuri. Si vizuri kabisa." Akarudia kutwanga, na alitwanga kwa nguvu mpaka mahindi yakaruka nje.

Nikasema sawa, labda Susu ndiye mwenye moyo mgumu. Nikachora tena ile ile, safari hii nikamwongezea baba meno ya kucheka, nikampelekea karakanani. Baba aliipokea huku akipuliza vumbi la mbao. Aliitazama, akakohoa, akatazama mlangoni kama kuna mtu. Kisha akainua plastiki polepole kwa vidole vyake vikubwa, akanirudishia kijiti. "Mama," akasema, "hii picha mtu asiione." Akatoka akaenda kupanga mbao ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Sasa nilikuwa na ushahidi. Wote wawili walikuwa wamefuta. Nikamwendea mama kitandani nikamwambia nilichochora, nikitegemea angalau yeye atasikitika. Mama alicheka! "Kwenye sahani moja?" alisema. "Umewatia kwenye sahani moja?" Alicheka mpaka akashika tumbo, machozi yakamtoka, akaniambia nimletee maji. Nilimletea, kisha nikaenda tena kukitazama kiondo cha Susu. Mwanzo alikuwa akicheka, ndivyo Ndinda alivyosema.

Halafu ikafika ile siku ya soko. Ilikuwa alasiri, watu wote wamepanda sokoni, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka kama kawaida ya kwetu. Nilikuwa karibu na mlango nikimchora mama peke yake na tumbo lake kubwa, akasema maneno ambayo sikuyaelewa, kisha akapiga ukelele. Susu aliingia mbio. Akatoka akiwa na damu kwenye leso, na badala ya kunituma alisimama katikati ya ua akapaza sauti akiangalia juu mawinguni: "Mtu akimbie amwambie baba ya huyu mtoto kwamba wakati umefika na si vizuri!" Baba alikuwa hatua chache tu, mlangoni mwa karakana. Alisikia kila neno. Mimi nikamkimbilia hata hivyo nikamwambia.

Baba alitoa ngazi yake ya mbao, akaifunga mablanketi, wakamlaza mama juu yake. Barabara ilikuwa juu kabisa, mwisho wa mteremko, na hakukuwa na mwanamume mwingine karibu wa kubeba. Baba aliangalia huku na huku. Susu hakungoja. Aliufunga mkanda wa kiondo kiunoni, akashika ncha ya mbele, akageuza uso kuelekea mlimani. "Mwambie baba yako ashike nyuma," akasema. Nikasema, "Baba, shika nyuma." Akashika. Nikawaza, basi leo watapigana, na mama yuko katikati.

Tulipanda. Mimi nilikuwa pembeni nikikimbia, na hivi ndivyo walivyokwenda mlima mzima:

"Mwambie baba yako hapa kuna utelezi."

"Baba, kuna utelezi."

"Mwambie nyanya yako nimeona. Aende polepole, asiumie."

"Susu, usiumie."

"Mwambie mimi siumii! Yeye ainue, mtoto wangu anateleza upande wa kichwa."

"Baba, inua!"

"Nimeinua, mama. Mwambie nimeinua."

Mama mwenyewe, katikati ya uchungu, alisema kwa sauti ndogo, "Jamani, nyamazeni mnibebe." Baba alikuwa ameinamisha kichwa muda wote asiutazame mgongo wa Susu, na kwa sababu hiyo alijikwaa mara nyingi, lakini hakuiachia ngazi. Juu barabarani tukapata pikapu ya mchuuzi wa kabeji. Susu akaingia mbele na mama, baba akapanda nyuma juu ya magunia, na mimi nikaachwa kwa mama yake Ndinda. Pikapu ilipopotea kwenye ukungu ndipo nilipoona kwamba nina kibao kwapani.

Ile picha ya mama ilikuwa bado iko. Imekunjika kidogo pembeni lakini iko. Na mimi, sijui nani alinifundisha, nikaamua kwamba plastiki ile isiinuliwe mpaka mama arudi. Nilikibeba kibao kimelala, kama mtu anayebeba mayai. Nilikula nacho magotini. Jua likitoka nilikificha kivulini, maana joto liliifanya plastiki iachane na nta yenyewe, na mguu wa mama ulikuwa umeshaanza kupotea. Ndinda alitaka kuchora. Nikakataa. Akavuta uzi, nikamwuma. Ndiyo, nilimwuma mkononi, naye akapiga mayowe kama ng'ombe.

Mama yake alitutenganisha. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye maneno machache, nami nilimwogopa. Lakini sikuweza kujizuia, nikamwaga yote: kwamba baba na Susu wamekosana, kwamba baba anajificha kwenye kahawa, kwamba wote walifuta picha, kwamba mama akipona atapelekwa Kalamba na mimi sijui nitakaa na nani.

"Nani amekwambia wamekosana?" akauliza.

"Hawasalimiani. Ndinda alisema hata kwenu ilianza hivyo."

Alimtazama Ndinda, kisha akaketi chini, pale pale kwenye vumbi. "Sikiliza. Ile ni nthoni. Ni heshima ya mkwe. Mwanamume hamkaribii mama wa mke wake, hali naye, hamtaji jina. Baba yako anaruka kwenye kahawa kwa sababu anamheshimu nyanya yako kuliko mtu yeyote hapa duniani. Na mtu akiwachora kwenye sahani moja!" Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia. "Baba ya Ndinda hakujificha. Alikuwa akija hapa anamsalimia mama yangu kwa mkono, anakalia kiti chake, na siku moja alisimama mlangoni pale akamtukana na watu wakisikia. Ndipo mama alipokuja kunichukua. Mimi ningepewa mtu wa kuruka kwenye kahawa, ningekuwa kwangu leo."

Ndinda alikuwa ameacha kulia. Nadhani na yeye alikuwa anasikia hayo kwa mara ya kwanza. Mama yake akainuka akatupa viazi vitamu. Mimi nilimpa Ndinda kijiti ashike, ila plastiki asiiguse.

Nikwambie ukweli, nilimwamini nusu tu. Maneno ya watu wazima nilikuwa nimeyasikia mengi. Siku hizi, nikichora kwenye tableti, naelewa vizuri zaidi alichokuwa akinieleza. Ina kitu wanachokiita tabaka: unamchora mtu mmoja kwenye tabaka lake, mwingine kwenye lake, na hata ukimsogeza huyu, yule hatikisiki. Hawagusani kabisa, na bado ukiangalia unaona picha moja, nyumba moja. Kibao changu cha nta kilikuwa na tabaka moja tu, na mimi nilikuwa nimewabana wote hapo na sahani yao. Maskini Susu.

Walirudi asubuhi moja yenye jua. Mimi ndiye niliyewaona kwanza, wakiteremka kutoka barabarani. Mama alitembea mwenyewe, polepole, amejifunga shali. Susu alikuwa na kitu kidogo kilichofunikwa. Na huko nyuma kabisa, mbali kama mtu asiyewajua, akisimama kila wao wakisimama, alikuwa baba na mizigo yote. Nilikimbia mpaka nikamkumbatia mama magotini. Alinuka dawa. Akaniwekea mkono kichwani akasema, "Umekonda," na mimi nikalia kwa sauti kubwa bila haya. Alikuwa hai! Nikakikumbuka kibao, nikakimbia kukichukua, na nikainua plastiki mwenyewe, krrr, sikuihitaji tena ile picha.

Mtoto alikuwa wa kike, mwekundu, mwenye hasira. Ilipofika siku ya kumpa jina wanawake walijaa chumbani, muthokoi ulichemka, chai iliiva, na baba alikuwa nje nyuma ya ukuta, mahali pake pa kawaida, chini ya dirisha. Akaniita. Alikuwa amevaa koti la kanisani.

"Mama," akasema, "nenda umwambie nyanya yako kwamba huyo mtoto ni yeye."

"Ni yeye nani?"

"Ni yeye. Ana jina lake. Mimi siwezi kulitaja, wewe unajua. Nenda."

Niliingia nikipenya katikati ya magoti ya wanawake. Susu alikuwa ukingoni mwa kitanda, mtoto kwenye mapaja. Wote wakanigeukia, kwa sababu walijua natoka kwa nani. Nikasema, "Susu, baba anasema huyo mtoto ni wewe. Anaitwa Syombua."

Vigelegele vilipasua nyumba. Nilisimama hapo masikio yananiuma, na ndipo nilipomwamini mama yake Ndinda kabisa. Mtu hampi mtoto wake jina la adui yake. Hakuna awezaye kuniambia vinginevyo. Hakuna atakayefungasha, hakuna masufuria yatakayokwenda Kalamba, na baba atarudi kulala nyumbani Susu akiondoka. Nilihisi wepesi mpaka nikataka kukaa chini.

Susu hakupiga kigelegele. Alikuwa amejifunika uso kwa leso na mabega yalikuwa yakitikisika. Alinyoosha mkono akanivuta karibu.

"Mwambie baba yako," akasema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika, "kwamba mtoto wangu aliolewa mahali pazuri."

Nilitoka mbio nikazunguka ukuta. Baba alikuwa amesimama chini ya lile dirisha lililo wazi, kofia mkononi, machozi yanateremka mpaka kwenye kola ya koti. Alikuwa amesikia kila neno. Nikamwambia hata hivyo, neno kwa neno, naye akainama kunisikiliza.